Waziri Asiye na Wizara na Ndoo ya Kwanza

Mabibi na mabwana, naomba tusimame kidogo. Haya, kaeni. Nilitaka tu kujua kama wa kule nyuma mnanisikia.

Naitwa Abedi Mfaume, Mshereheshaji wa Serikali Daraja la Pili, mstaafu kwa kulazimishwa. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaambia wananchi wakati wa kupiga makofi. Msicheke. Makofi yakiwahi, mgeni rasmi anadhani anafukuzwa jukwaani. Yakichelewa, anadhani hapendwi, na mkoa mzima unakosa mbolea mwaka huo. Leo nawasimulia historia ya cheo kilichofutwa katika nchi yetu, cheo cha Waziri Asiye na Wizara. Nani kaniomba? Hakuna aliyeniomba. Niliowatarajia waniombe wamekaa kimya, basi nimejikaribisha mwenyewe.

Nchi yenyewe sitaitaja. Naipenda, sitaki aibu yake ivuke mpaka.

Cheo hiki hatukukibuni sisi. Mwingereza alikuwa nacho huko kwao: waziri anayeingia kwenye Baraza, ana kiti, ana sauti, ila wizara hana. Wao walikuwa na sababu zao. Walipofunga virago vyao walituachia reli, chai ya saa nne, na safu ya viti vya mawaziri, na sisi kwa adabu tukakijaza kila kiti. Tulipofika kwenye kile cha Waziri Asiye na Wizara, wa kumuuliza kilikuwa cha kazi gani hakuwepo tena, alishapanda meli. Tukaona si vizuri kukiacha kitupu, wageni wangetuonaje?

Wa kwanza kukikalia alikuwa Mheshimiwa Ponsiano Lutambi, mtu mnene, mpole, mwenye kupenda karanga. Akapewa jengo la ghorofa, gari jeusi na walinzi. Mlangoni wakapigilia kibao kilichoandikwa WIZARA, halafu mtu akakumbuka, wakakibandua, ikabaki misumari. Kila asubuhi Mheshimiwa Lutambi alioga, akavaa suti, akaketi mezani kungoja kazi. Kazi haikuja. Aliwaonea wivu wenzake: Waziri wa Kilimo akilaumiwa kwa njaa, Waziri wa Afya akilaumiwa kwa vifo, yeye hakuna hata mtu wa kumtukana. Mwisho yakamfika shingoni, akaenda Ikulu akalia.

"Mzee," alimwambia Rais, "hata kunilaumu hawanilaumu!"

Rais alikuwa na huruma, hasa kwa mawaziri. Akampa Ufunguzi. Ikapitishwa sheria kwamba kitu chochote kilichojengwa na Serikali hakitatumiwa na mwananchi mpaka Waziri Asiye na Wizara akifungue rasmi, kwa kukata utepe, kwa mkasi wa Serikali. Mkasi wenyewe ulipakwa dhahabu, ukapewa mto wa mahameli wa kulalia, na gari lake lenyewe. Bunge lilishangilia. Mimi ndiye niliyewaambia waanze, na kusema kweli yale yalikuwa makofi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaongoza.

Tatizo nchi ilikuwa kubwa na waziri alikuwa mmoja. Wodi ya wazazi ilikamilika makao makuu, vitanda vikapangwa, utepe ukafungwa mlangoni, na akina mama wakawa wanajifungulia barazani huku wakivitazama vitanda kupitia dirishani. Soko likajengwa, watu wakauza nyanya nje ya ukuta wake. Msidhani watu walikuwa wajinga. Kule Mto Sanza walijaribu. Daraja lilikuwa limekwisha, mvua ikanyesha, mto ukafura, wakajisemea liwalo na liwe, wakapita chini ya utepe bila kuukata. Serikali haikugombana nao. Ilituma mafundi, wakaling'oa daraja ubao kwa ubao, wakalipeleka ghalani likangoje wananchi wenye subira. Tangu siku hiyo, nchi nzima ikajifunza kulinda tepe zake kuliko inavyolinda mifugo.

Sasa nifike Kidundwe, maana ndiko kwetu, na ndiko roho yangu ilikobaki.

Kidundwe hakukuwa na maji. Kulikuwa na lambo, mwendo wa asubuhi nzima, ambamo ng'ombe walikunywa kwanza, kisha punda, kisha sisi. Watafuta maji wa Serikali wakaja na mtambo wao, wakachimba kando ya msikiti, wakafunga pampu ya mkono. Siku ya majaribio maji yaliruka juu kama mtu aliyefunguliwa jela. Watu walipiga kelele. Mafundi wakanywa, wakanawa, wakasema matamu. Halafu, kwa kufuata sheria, wakaifunika pampu kwa kitambaa cha rangi za bendera, wakaizungushia utepe mwekundu, wakaweka na mgambo, kijana mmoja mrefu aitwaye Njiku, wakaondoka zao. Utepe ulikuwa wa kawaida kabisa. Ungeweza kuununua dukani kwa mita.

Shangazi yangu, Bi Siwatu, dada wa marehemu baba, wote watoto wa babu Mfaume, aliyaona maji yale kwa macho yake. Alikuwa amesimama mbele kabisa. Tone moja lilimrukia mkononi na hakulifuta, alisubiri likauke lenyewe. "Abedi," aliniambia nilipofika, "yalikuwa baridi."

Kila ufunguzi wa kisima una mtu aitwaye Mama wa Ndoo ya Kwanza. Utepe ukishakatwa, yeye ndiye huteka mbele ya mgeni rasmi, mgeni rasmi humtwika ndoo, wapiga picha hupiga, naye huondoka nayo nyumbani kwake huku watu wakimpigia makofi njia nzima. Kamati ya sherehe ilimteua Shangazi Siwatu. Wapo waliosema nimempendelea. Uongo mtupu! Mimi nilipendekeza jina moja tu, na kamati ikachagua kwa uhuru kamili.

Tukaanza mazoezi. Kwa kuwa pampu haiguswi, tulifanya kwa ndoo tupu. Bi Kidawa, jirani yake, akiwa mgeni rasmi. Shangazi anapiga pampu hewani, anainama, Bi Kidawa anamtwika, anatembea. Mimi nikiwa na kipaza sauti.

"Shangazi, tembea kama umebeba maji. Hapo unatembea kama unakwenda harusini."

Akasimama, akaniangalia kuanzia viatu mpaka tai. "Wewe Abedi! Wewe uliyekuwa ukitumwa lamboni unarudi na kata moja, nyingine zote umezimwaga njiani, leo ndiye wa kunifundisha mimi kubeba maji?"

Watu wakacheka mpaka Njiku naye akalazimika kugeuka upande. Lakini Shangazi alirudia. Alitembea shingo imenyooka, mkono mmoja juu, akachezesha nyonga kidogo kana kwamba uzito ni wa kweli, na mimi nikainua mkono, watu wakapiga makofi. Ndoo alinunua mpya kwa ajili ya siku hiyo, ya bati, akaifunika kanga ili isiingie vumbi. Ya kwendea lamboni ilikuwa nyingine, ile kuukuu ya plastiki.

Siku ikafika. Jiwe la ufunguzi lenye jina la Mheshimiwa Lutambi likasimamishwa, turubai likafungwa, risala ikaandaliwa. Mchana tukaona vumbi la msafara kule mlimani. Nikapaza sauti: "Wananchi, tayari!" Akina mama wakaanza kuimba. Kumbe ndani ya gari la Mheshimiwa redio ilikuwa wazi, na taarifa ya habari ikatangaza mabadiliko madogo ya Baraza la Mawaziri. Tuliona vumbi likisimama. Likakaa. Kisha likageuka na kurudi lilikotoka.

Tuliendelea kuimba kwa muda, maana sikuwa nimewaambia waache.

Baadaye tukamwona mtu mnene anakuja kwa miguu, koti la suti begani. Alikuwa Mheshimiwa Lutambi. Gari ni la Serikali, na yeye hakuwa Serikali tena, wakamshusha palepale njiani. Dereva simlaumu. Alifika midomo imekauka, akaketi juu ya jiwe lenye jina lake mwenyewe, akaomba maji. Shangazi akamletea kikombe cha maji ya lamboni, mekundu, mazito. Mheshimiwa akakitazama kikombe. Akaitazama pampu.

"Nikikata sasa hivi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Ni jinai, Mheshimiwa. Sheria yako mwenyewe."

"Kunywa, baba," Shangazi akamwambia kwa upole. "Funga macho unywe. Mara ya kwanza ndiyo ngumu."

Akanywa. Namkumbuka mzee yule alivyokuwa akifuta midomo na tai. Hakurudi kwenye siasa, nasikia anafuga bata.

Wa pili alikuwa Mheshimiwa Eufrasia Kitundu, mwanamke mchapakazi, mwenye sauti ya kuita mbali. Huyu alifika! Aliketi chini ya turubai, akasikiliza risala, akatoa machozi penye kutoa machozi. Tukachongesha jiwe jipya, lile la Mheshimiwa Lutambi Shangazi akalichukua akaliweka mlangoni kwake pa kukalia. Kilichokosekana ni mkasi. Gari la mkasi lilikwama Mto Sanza, pale pasipo daraja, na mkasi ukiwa umelala juu ya mto wake wa mahameli huku maji yakiingia milangoni. Fundi cherehani wa kijijini akajitokeza na mkasi wake, mkali, umepakwa mafuta. Mheshimiwa akaushika. Vidole viliingia vizuri. Shangazi akaondoa kanga juu ya ndoo yake.

"Mshereheshaji," Mheshimiwa akaniuliza, "sheria inasemaje?"

Nikasema sheria inavyosema: mkasi wa Serikali. Niliajiriwa ili nijue. Akaurudisha mkasi kwa fundi, akawaahidi wananchi kwamba atarudi wiki ijayo, na nikawaongoza kupiga makofi kwa ahadi hiyo. Shangazi akaifunika ndoo. Wiki iliyofuata mama yule alihamishiwa ubalozini, nchi ambayo nasikia ina mvua kila siku.

Usiku wa siku ile ya mkasi nilikula kwa Shangazi. Alinipakulia ugali, akanitilia mboga, akakaa kwenye lile jiwe la Lutambi.

"Mwanangu, nikuulize," akasema mwisho. "Huyo waziri akikata, maji yanakuwa matamu zaidi?"

"Hapana, Shangazi. Yanakuwa rasmi."

"Aa," akasema. "Haya."

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Lambo lilinywea likabaki tope la kijani, na watu wakaanza kuumwa matumbo. Serikali ilikataza kuuita ugonjwa kwa jina lake. Ukaitwa kuhara kwa kawaida. Watoto wakafa kwa kuhara kwa kawaida, akafa na imamu wa msikiti ulio kando ya pampu, aliyekuwa akitayammamu kwa mchanga badala ya kutawadha, hatua chache kutoka kwenye maji. Nilikuwa makao makuu nikitayarisha ufunguzi wa chemchemi ya mapambo pale mbele ya Bunge, ndipo Bi Kidawa akanipigia simu.

"Abedi, shangazi yako ameshikwa."

"Ameshikwa vipi?"

"Vipi tena, baba? Kama wengine. Anataka maji, na tunayompa ndiyo yaleyale."

Nilikwenda mbio kwa waziri wa tatu, Mheshimiwa Lukelo Sanga. Kijana, msomi, ametoka ziara ya mafunzo ya ukataji wa tepe katika nchi za nje. Nilimkuta anafanya mazoezi mbele ya kioo. Nilipiga magoti. Mimi, Mshereheshaji wa Serikali Daraja la Pili, nilipiga magoti kwenye zulia na sikuona haya.

"Mheshimiwa, shangazi yangu anakufa. Kisima kipo pale, nje ya mlango wake. Naomba uje ukate utepe tu. Hotuba acha. Turubai acha. Hata mimi nitanyamaza."

Alinishika mkono akaniinua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Macho yake yalilengalenga machozi. "Ndugu Abedi, kesho asubuhi tunaondoka wote. Nitaushika mkasi mwenyewe mapajani."

Nikampigia Bi Kidawa. Nikamwambia ampe Shangazi simu. Sauti yake ilikuwa imekwisha, kama ya mtu anayeongea akiwa chumba cha pili.

"Shangazi, waziri anakuja kesho. Ameniapia."

"Jiwe jipya lishachongwa?" akauliza. Nikamsikia anataka kucheka. "Mwambie Kidawa aifute ndoo. Ina vumbi."

Jioni ileile Baraza la Mawaziri lilikutana kutafuta njia ya kubana matumizi. Mjumbe mmoja akauliza, tena kwa nia njema, huyu Waziri Asiye na Wizara kazi yake hasa ni ipi. Wakatazamana. Wakakumbuka kwamba hata Mwingereza mwenyewe cheo hiki sasa hukitumia kwa nadra. Kikafutwa kwa kauli moja. Redio ikatoa shukrani kwa mchango wake mkubwa katika ujenzi wa taifa. Sheria ya Ufunguzi hawakuifuta. Haikuwa kwenye ajenda.

Alfajiri nilimkuta Mheshimiwa Lukelo nje ya geti lake, na begi. Walinzi walishaondoka.

"Siwezi, Abedi," akaniambia. "Mimi sasa ni raia tu."

"Nani basi anaweza?"

Akafikiri kweli kweli. Alikuwa msomi. "Kisheria," akasema, "hakuna."

Nilipanda lori la mkaa, nikashukia Sanza, nikavuka mto kwa miguu nimeinua viatu. Nilikuwa nimebeba kipaza sauti changu kwapani, sijui kwa nini nilikibeba. Nilipofika Kidundwe niliona watu wengi wamesimama nje kwa Shangazi, na nikajua. Watu hawasimami hivyo kwa mgonjwa.

Alikuwa amefariki alfajiri. Sanda ilikuwepo, waosha maiti walikuwepo, kaburi lilikuwa linachimbwa. Maji ya kumwoshea hayakuwepo. Kijana alikuwa ametumwa lamboni, akarudi na ndoo ya plastiki yenye kitu kinachonuka. Bi Kidawa akaitazama ile ndoo, akaitazama maiti ya rafiki yake, akaipiga teke ikamwagika yote uani.

"Hayo ndiyo yamemuua," akasema. "Hamtamwosha kwa hayo. Wallahi mbele yangu hamtamwosha kwa hayo!"

Akatoka. Wote tukamfuata mpaka kwenye pampu. Njiku mgambo alisimama mbele ya utepe na rungu lake, lakini hakuliinua, maana Shangazi ndiye aliyekuwa akimlisha muda wote aliolinda pale. Bi Kidawa akanigeukia mimi.

"Abedi, wewe ndiye Serikali iliyopo hapa. Sema."

Nikafungua mdomo. Nimesema maneno maelfu katika kazi yangu, nimewakaribisha marais. Pale nilitafuta neno moja la kusema na kilichokuja ni, "Itifaki..." Nikaanza kulia mbele za watu.

Njiku akavua kofia, akasogea pembeni.

Bi Kidawa alikuwa na kisu cha kukatia mboga kwenye pindo la kanga. Hakusema hotuba. Alikata utepe kama anavyokata mchicha, akavuta kitambaa cha bendera kikaanguka, akashika mkono wa pampu akasukuma chini mara moja.

Maji yakatoka.

Yalitoka pale pale, meupe, mengi, baridi, kana kwamba muda wote yalikuwa yamesimama chini ya bomba yakitusubiri. Na hapo, mabibi na mabwana, wananchi wa Kidundwe wakapiga makofi. Sikuwaambia. Tulikuwa tumewafundisha kwa muda mrefu mno, utepe ukikatwa mikono ilijua yenyewe la kufanya. Wakapiga huku machozi yanawatoka, mpaka mmoja mmoja akaisikia mikono yake akaishusha.

Mtu akaileta ile ndoo ya bati, imefutwa, inang'aa. Bi Kidawa akaijaza mpaka juu. Tuliangalia nani wa kumtwika, na kwa kuwa mgeni rasmi hakuwepo, nilimtwika mimi. Akatembea shingo imenyooka, mkono mmoja juu, hatua zilezile alizozifanya Shangazi kwenye mazoezi, na njia nzima hakuna aliyepiga makofi. Hakumwaga hata tone. Akaingia nayo ndani, mlango ukafungwa, na sisi wanaume tuliobaki nje tukasikia maji yakimiminwa taratibu.

Ratiba ilisema ndoo ya kwanza ni ya Bi Siwatu binti Mfaume. Nathibitisha mbele yenu kwamba ratiba ilifuatwa.